Daftari Alilolibusu Meneja

Bi Biubwa alikuwa na daftari, na mimi na Tasnim tulikuwa tukiliogopa.

Lilikuwa daftari dogo la shule, jalada limeng'oka. Alilitia kwenye mfuko wa nailoni, mfuko akaufunga pindoni mwa kanga, na kanga akaibana kiunoni kana kwamba ndani mna kinda la ndege. Kila siku kazi ikiisha, sisi tukivua magauni ya hoteli, yeye alifudikiza ndoo, akaikalia, akatoa penseli. Aliandika kutoka kulia kwenda kushoto, kwa herufi zile za chuo cha Kurani, midomo ikimcheza. Akimaliza alitutazama mmoja mmoja, polepole, kama mtu anayekagua kuku kabla ya kufunga banda.

"Haya, wanangu. Kesho, Mungu akipenda."

"Anatuandika," Tasnim alininong'oneza siku moja tulipokuwa tunatoka. "Wallahi Kidawa, yule mama anatuandika majina. Shangazi yangu aliandikwa hivyohivyo, nywele zikamtoka zote."

"Shangazi yako alikuwa na mapunye."

"Na hayo mapunye kayatoa wapi?"

Nilicheka. Lakini nilipofika nyumbani nilimfunga mwanangu uzi mweusi mkononi.

Tulikuwa watatu tu kwenye chumba cha kufulia. Hoteli ilikuwa Utende, ndani ya hifadhi ya bahari, na wageni walikuja kupiga mbizi. Sisi hatukuwaona sana. Tuliwajua kwa mashuka yao: huyu anakunywa kahawa kitandani, huyu anajipaka mafuta ya jua mpaka foronya inageuka njano. Chumba chetu kilikuwa nyuma kabisa, kati ya jenereta na wigo wa makuti, mahali mgeni hafiki ila akipotea.

Shuka la kitanda kikubwa halikunjwi na mtu mmoja. Mmoja anashika pembe mbili, mwenzake pembe mbili, mnalinyoosha, mnakwenda mkikutana, mnaachana, mnakutana tena, mpaka linakuwa dogo kama msala wa kuswalia. Mimi nilikunja na Tasnim. Bi Biubwa alikunja peke yake: alibana pembe mbili kwenye kamba kwa vibanio, akashika mbili nyingine, akawa anakwenda na kurudi kwa kamba. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Na hakuna aliyemwambia asifanye.

Mwanangu Sihaba alikuwa na miezi mitano. Baba yake alikuwa kambini Shungimbili akivua na wenzake wiki kwa wiki, na mimi niliporudi kazini baada ya arobaini sikuwa na wa kumwachia ila shangazi yangu, ambaye nyumba yake iko Utende hapohapo, jirani na geti la hifadhi. Nilimpitisha asubuhi nikitoka kwetu Kiegeani. Ikifika saa nne, maziwa yenyewe yalinikumbusha. Gauni la hoteli ni la kijivu, likilowa kifuani linaonekana.

Kutoka getini kwa hoteli hakuruhusiwi. Mlinzi aliandika kila anayetoka, na kitabu chake kilisomwa ofisini. Kwa hiyo nilipita kwenye upenyo wa wigo nyuma ya jenereta, nikakimbia, nikamnyonyesha mwanangu nikiwa bado nahema, nikarudi. Nusu saa, mara nyingine pungufu. Waliojua ni wawili. Tasnim alijua, kwa sababu alinishikia nafasi. Na Bi Biubwa alijua, kwa sababu ana macho.

Kisha Meneja akaanza kujua.

Meneja wetu alikuwa Bwana Hemedi, mtu wa pwani kama sisi, sauti laini, viatu vyeupe visivyoingia vumbi. Adhuhuri ndiye aliyewasalisha wafanyakazi kwenye banda la boti. Siku moja alipita mlangoni kwetu, akasema, "Kidawa, mtoto hajambo?" Nikadhani ni wema. Siku ya pili: "Jana saa nne na robo nilikutafuta." Siku ya tatu nilipofika kwenye upenyo nilikuta umepigiliwa ubao mpya, misumari inang'aa.

Nikaanza kupita kwenye mfereji wa maji ya sabuni. Nilifika kwa mwanangu magoti yakiwa na povu.

"Kwani humu tuko wangapi?" Tasnim aliniuliza, akinyoosha pembe zake za shuka. "Mimi. Wewe. Na karani wetu wa ndoo." Akaelekeza kidevu.

Bi Biubwa alikuwa akipiga pasi, mgongo kwetu. Sikujua kama amesikia.

Mwezi wa pili maziwa yangu yakaanza kupungua. Shangazi alisema, kunywa uji, pumzika, acha kukimbia juani. Nikanywa uji. Sihaba akapata homa siku tatu, akawa ananyonya, anaachia, ananitazama kama mtu aliyedanganywa. Hapo ndipo daftari lile lilipoingia kichwani mwangu na kukaa. Nilihamisha ndoo yangu mbali na ya Bi Biubwa. Shikamoo nilimpa nikiwa mlangoni, naye akajibu marahaba bila kuinua uso. Chai aliyonimiminia nilisubiri ageuke, nikaimwaga kwenye mfereji. Siku nyingine alinishika kifundo cha mkono akasema, "Mbona unakonda, mwanangu?" nami nikaunyofoa mkono kama nimeguswa na pasi.

Sasa nieleze jambo la Januari, kwa sababu yote yaliyofuata yalitoka pale.

Chuoni nilihitimu msahafu. Shuleni niliishia darasa la tatu, mama alipougua, na herufi za shule zikanitoka taratibu. Nilipopata mimba ya Sihaba nilijiapiza kwamba mtoto huyu hatanisomea yeye barua zangu. Nikajiandikisha darasa la jioni pale Kiegeani, siku mbili kwa wiki baada ya alasiri, kwa Mwalimu Fikiri. Kufikia Januari niliweza kuandika majina yangu matatu kwa mwandiko wa kuunganisha, lakini hakuna aliyekuwa amenipa pa kuyaandika.

Basi Januari Meneja akatuita ofisini mmoja mmoja. Mezani palikuwa na karatasi ya Kiingereza, kurasa mbili. "Utaratibu mpya tu," alisema. "Kila mtu anasaini." Wengine walipiga dole gumba. Mimi nikashika kalamu. Niliandika majina yote matatu, ulimi nje, mpaka nikapita mwisho wa mstari.

"Mwandiko mzuri," alisema Meneja.

Nilitoka pale nikitembea kama bibi harusi. Sikumwuliza imeandikwa nini.

Mwezi wa tatu Mwalimu Fikiri akaleta vijitabu vya sheria ya kazi, vya Kiswahili chepesi, ili tusome kwa zamu. Zamu yangu ikaangukia ukurasa wa mama anayenyonyesha. Nilisoma neno kwa neno, kidole juu ya mstari: mwajiri atamruhusu mama anyonyeshe wakati wa kazi, mpaka jumla ya saa mbili kwa siku. Nikasimama.

"Mwalimu, hapa pamekosewa?"

"Hapajakosewa. Endelea."

Sikuweza kuendelea. Nilikuwa nafikiria mfereji.

Kesho yake nilikwenda na kijitabu kazini, nikamsomea Tasnim nyuma ya mashuka. Alichungulia mlangoni. Kisha akasema, "Kifiche hicho, mwenzangu. Ukionekana nacho tutafukuzwa wote." Bi Biubwa alikuwa palepale, anarusha maji kwenye foronya kwa vidole.

Siku mbili baadaye Meneja akaingia chumbani kwetu na mlinzi.

"Mikoba," alisema. "Nasikia kuna makaratasi yanaletwa humu."

Kijitabu kilikuwa mkobani mwangu, chini ya kanga ya mtoto. Alikitoa, akakitazama jalada, akakitia mfukoni. Tasnim alifungua mkoba wake mwenyewe kabla hajaambiwa. Kisha Meneja akamgeukia Bi Biubwa.

"Na wewe, mama. Hapo kiunoni."

Bi Biubwa alifungua pindo taratibu, akatoa mfuko, akatoa daftari. Mikono yake ilikuwa myeupe kwa sabuni. Meneja alilipokea kwa mkono mmoja, akalifungua. Nikaona uso wake unabadilika. Mkono wa pili ukaja. Alilifunga, akalinyanyua hadi midomoni, akalibusu, akaligusisha kwenye paji la uso, akamrudishia kwa mikono miwili.

"Nisamehe, mama," alisema, sauti chini. "Sikujua kama ni nyiradi. Usiache kutuombea."

"Siachi," alisema Bi Biubwa.

Walipotoka, Tasnim alinishika bega. "Umeona? Hata yeye kaliogopa! Sasa nani kamwambia habari ya kijitabu? Jinni?"

Nikamtazama Bi Biubwa. Alikuwa anaurudisha mfuko kiunoni, na nakuapia nilimwona anatabasamu.

Asubuhi iliyofuata mlinzi hakunifungulia geti. Alinipa bahasha kupitia kwenye vyuma, akitazama pembeni. Niliisoma njiani, lakini ilikuwa ya Kiingereza, nikaambulia jina langu na tarehe.

Mwalimu Fikiri aliisoma mara mbili kabla ya kufungua mdomo. Nilikuwa nimesimama mbele ya meza yake, Sihaba mgongoni, wenzangu wa darasani wamejifanya wanasoma.

"Wanasema umeachishwa kwa utoro. Unatoka kazini bila ruhusa." Akageuza karatasi. "Na wanasema umeajiriwa mwezi wa kwanza mwaka huu."

"Mwezi wa kwanza? Mimi nina mwaka wa tatu pale!"

"Ulisaini kitu mwezi wa kwanza?"

"Nilisaini, mwalimu."

"Ulisoma?"

"Niliandika jina zima," nilisema, na machozi yakaanza.

Alisubiri nijifute. Kisha akanieleza polepole, kama anavyoeleza hesabu. Mfanyakazi mwenye miezi sita na zaidi akiachishwa bila haki anaweza kulalamika kwenye Tume ya Usuluhishi, ndani ya siku thelathini. Ambaye hajafika miezi sita, mlango huo haumfungukii. "Utoro tutaujibu, Kidawa. Kunyonyesha si utoro. Ila lazima kwanza uonyeshe kwamba ulikuwepo. Kuna kitabu cha mahudhurio?"

"Kilikuwepo. Walisema kiliingia maji."

"Mashahidi?"

Nikamtaja Tasnim.

Nilimkuta nyumbani kwake anachambua mchele. Aliendelea kuchambua. "Mimi ningependa, Kidawa. Mungu anajua ningependa. Lakini masika wanafunga hoteli, na ikifunguliwa hawarudishi wote. Usinitie mdomoni mwao." Hakunikaribisha kuketi. Tulikuwa tumekunja mashuka pamoja zaidi ya miaka miwili, na sasa alikuwa anatafuta kijiwe kwenye ungo ili asinitazame.

Fomu ya Tume niliijaza mwenyewe. Mwalimu Fikiri alikaa mikono nyuma, asinisaidie hata nukta. Pale palipoandikwa ushahidi niliacha wazi.

Siku ya tisa tangu nifukuzwe, baada ya alasiri, nikasikia hodi. Nilichungulia. Bi Biubwa alikuwa amesimama uani kwangu, kwa buibui lake la kutokea, ametembea kutoka Utende. Mkononi alikuwa na furushi.

Jambo la kwanza nililofanya, nilimchukua Sihaba nikamlaza chumba cha ndani na kushusha pazia.

"Shikamoo," nilisema, nimesimama mlangoni nimeziba.

"Marahaba. Hunikaribishi?"

"Mtoto ana homa."

"Homa ilimtoka wiki mbili zilizopita. Shangazi yako kaniambia." Alinitazama muda mrefu. "Umekuwa ukimwaga chai yangu, Kidawa. Nilidhani ni sukari."

Aliinama, akatandaza furushi palepale kizingitini. Yalikuwa madaftari matano, moja juu ya jingine, lile la juu halina jalada.

"Wewe si umehitimu? Soma."

"Sitaki kusoma vitu hivyo."

"Vitu gani? Soma, mwana we, nimetembea na miguu yangu mibovu!"

Nikachukua lile la juu kwa ncha za vidole. Nilisema bismillahi kimoyomoyo. Nilitegemea Kiarabu, aya, au yale maumbo ya mraba ya uchawi ambayo watu huyasema. Nikaanza kama nilivyofundishwa chuoni, herufi kwa herufi, bila kutazamia maana. Kafu. Dali. Wau. Nikaunganisha. Midomo yangu ikatamka kitu, na masikio yangu yakashtuka kabla yangu.

Kidawa.

Nikarudi mwanzo wa mstari. "Jumatano. Tasnim kaja. Kidawa kaja. Mimi nimekuja. Mashuka ya vyumba sita." Kilikuwa Kiswahili. Kiswahili chetu hiki hiki, kimevaa herufi za chuo. Nikafunua ukurasa mwingine, na mwingine. Kila siku ilikuwa na jina lake, tarehe ya mwezi mwandamo, nani kaja, nani hakuja, kimefuliwa nini.

"Mama alinifundisha," alisema Bi Biubwa. Alikuwa ameshakaa kizingitini, miguu amenyoosha. "Za shule sizijui. Zamani, kabla yenu, lilipotea shuka la mgeni. Wakasema Biubwa. Mimi siku ile hata kazini sikuwapo, nilikuwa msibani Kua, lakini nilikuwa na cha kuonyesha? Sikuwa nacho. Nikasema sawa. Kuanzia leo kila aliyekuja ataandikwa, na asiyekuja ataandikwa."

Nikaendelea kusoma, mpaka kidole kikasimama. "Kidawa katoka saa nne. Karudi saa nne na nusu. Mashuka yake nimeanua mimi." Siku inayofuata vilevile. Na inayofuata. Miezi yote.

"Kwa hiyo ulikuwa unaniandika," nilisema.

"Nilikuwa nakuandika. Kwani uongo? Ukitoka, mwenzio anacheka na simu, nguo anaanua kizee. Nilisema siku moja nitakwenda nalo ofisini, niwasomee, wajue nani anafanya kazi." Akakohoa. "Sikwenda. Nilitaka, lakini sikwenda. Sina jema la kujisifia hapo."

"Basi nani aliyekwenda?"

Alinyoosha kidole chenye ngozi ya sabuni, akafunua kurasa mbili nyuma, akakiweka.

"Jumatatu. Tasnim kaitwa ofisini. Karudi na soda, kainywa peke yake nyuma ya jenereta." Ilikuwa siku moja kabla ya Meneja kuja kukagua mikoba. Nikatafuta siku ya ubao. Juzi yake: "Tasnim kaitwa ofisini."

Nilikaa chini, upande wa pili wa kizingiti. Tulikaa hivyo wote wawili kama mapazia.

"Kwa nini umeniletea?" niliuliza hatimaye.

"Karatasi ile ya Januari nami nilipiga dole. Mlinzi kanambia imeandikwa tumeanza kazi Januari. Mimi, miaka kumi na moja!" Akapiga paja. "Kwani nimezaliwa Januari?"

Chumbani Sihaba akaamka akilia. Nikasita kidogo tu, nusu pumzi, naona haya kusema kwamba nilisita. Kisha nikaingia, nikamtoa, nikampakata mbele yake, nikamnyonyesha. Bi Biubwa hakumgusa. Alisema tu, "Mkatie huo uzi mweusi, unambana."

Msuluhishi wa Tume alikuwa mama wa makamo kutoka bara. Alipewa chumba cha kuazima Kilindoni, meza moja na viti vinne na feni isiyozunguka. Bwana Hemedi alikuja na faili la plastiki na viatu vyake vyeupe. Aliponiona na Bi Biubwa alikunja uso kidogo, kisha akatoa salamu nzuri.

"Mheshimiwa, jambo hili ni fupi," alisema. "Huyu dada ana miezi miwili kwetu. Saini yake hii hapa, majina matatu."

Msuluhishi aliitazama saini yangu. Nikatamani ingekuwa dole.

"Na wewe, una nini?"

Nikaweka madaftari mezani. Meneja alipoona lile lisilo na jalada alicheka kwa upole. "Hilo ni la nyiradi, mheshimiwa. Nimelishika mwenyewe, nimemrudishia mama. Si haki kuvileta vitu vya ibada hapa."

"Ulilishika lini?"

"Mwezi uliopita. Kazini."

"Mimi herufi hizi sizijui," alisema msuluhishi. "Mwenye daftari akinisomea, utasema anasoma apendavyo. Sasa wewe umelishika, na umejua ni nyiradi. Maana yake unazijua. Nisomee wewe."

Mtu ambaye kila adhuhuri husimama mbele ya watu hawezi kusema kwamba herufi zile hazijui. Nilimwona akiitafuta njia na kuikosa. Bi Biubwa akachomoa daftari la tatu, akafunua mahali palipowekwa jani la ukili, akalisukuma mbele yake kwa adabu.

"Anzia hapo, mwanangu. Nimeandika wazi."

Alisoma kimya kwanza. Masikio yake yakabadilika rangi.

"Kwa sauti, Bwana Hemedi."

"Jumatatu. Mwezi kumi na nne Shaabani," alisoma. "Tasnim kaja. Kidawa kaja. Mimi nimekuja." Akalisogeza daftari karibu. "Meneja mpya kaletwa leo. Ana viatu vyeupe. Kidawa kampelekea mataulo. Kasalimia vizuri, tutaona."

Msuluhishi aliinamisha uso juu ya karatasi zake kidogo. Alipouinua ulikuwa wa kazi tena. "Bwana Hemedi, wewe uliingia pale hotelini lini?"

"Mwaka juzi," alisema. "Mwezi wa saba."

"Na aliyekupelekea mataulo mwaka juzi mwezi wa saba ndiye aliyeajiriwa Januari hii?"

Msuluhishi akamfunulisha kurasa za lile lisilo na jalada, akamsomesha zile za saa nne na saa nne na nusu, moja baada ya nyingine, yeye mwenyewe akiandika. Zile alizokusudia Bi Biubwa zinishtaki. Baada ya kurasa za siku kama ishirini akamwambia inatosha.

"Nimeambiwa utoro," alisema. "Sijaona hapa hata siku moja iliyofika saa moja kamili. Sheria inampa mpaka mbili. Nyinyi mnamdai nini?"

Kabla ya adhuhuri tuliafikiana. Karatasi ilikuwa ya Kiswahili. Ilisema narudi kazini, inataja mwaka na mwezi nilioanza kweli, na inataja saa mbili za kunyonyesha. Meneja alitoa kalamu yake, akanipa.

"Ngoja," nilisema. Nikaisoma yote, kidole juu ya mstari, kutoka juu mpaka chini, wao wakisubiri na feni isiyozunguka. Kisha nikaandika majina yangu matatu. Bi Biubwa aliomba lake liandikwe kwenye shauri jingine, na msuluhishi akampa fomu. Tuliijaza ndani ya gari tukirudi, mimi nikiandika, yeye akinisahihisha miaka.

Jumatatu nilirudi. Tasnim alikuwa peke yake na lundo la mashuka. Aliinuka, akashika pembe mbili, akasimama akinisubiri, macho kwenye pembe.

"Meneja aliniambia masika ikiisha atarudi mmoja tu," alisema. "Nina watoto wanne, Kidawa."

Nilitazama zile pembe mbili zinazoning'inia upande wangu. Nikazishika.

"Vuta," nilisema. "Linagusa chini."

Tukakunja lile. La pili nilikwenda kukunja na Bi Biubwa, nikavitoa vibanio vyake kwenye kamba kimoja kimoja. Alishika pembe zake kwa ubishi, akivuta kuliko inavyotakiwa.

Ikafika saa nne. Niliifuta mikono, nikapita mbele, si kwa mfereji. Nilipokaribia ofisi niliona pazia linafunguka nafasi ya jicho moja, nikajua masika itakapoisha nitakuwa na vita vingine. Mlinzi alikuwa na kitabu chake tayari.

"Nikuandike?" aliuliza, kwa wasiwasi.

"Niandike," nilisema. "Andika na saa."

Nikageuka nyuma. Mbali kule, kando ya jenereta, Bi Biubwa alikuwa ameshafudikiza ndoo, ingawa kazi haikuwa imekwisha, na penseli ilikuwa mkononi. Nikamnyooshea vidole vinne. Akainama, akaandika.

Shangazi alikuwa amesimama kwenye kivuli cha ukuta, Sihaba begani. Kwa mara ya kwanza nilimwendea nikitembea.